Kampaundi zinafanana, majibu hayafanani: kutafuta kosa lilipo

Mkemia anatazama michoro miwili na kusema hizi ni pacha. Programu inasema ufanano wao ni 0.56. Siku nyingine mambo yanageuka: programu inatoa 1.00 safi, kisha maabara inarudisha dawa mbili zenye tabia mbalimbali kabisa. Anayelinganisha molekuli kwa kompyuta hukutana na hali zote mbili mara kwa mara, na kwa kawaida huanza kuishuku fomula. Fomula haina kosa. Ni fupi mno kuweza kuficha kitu.

Kila molekuli kwanza hugeuzwa kuwa alama-vidole, yaani safu ya biti ambamo kila biti iliyowashwa inasema kipande fulani cha kemikali kimo. Fomula yenyewe ni kipimo cha Tanimoto, nacho kinafanya hivi: hesabu biti zilizowashwa kwenye molekuli ya kwanza, hesabu za molekuli ya pili, hesabu zile wanazoshirikiana, kisha gawanya za pamoja kwa jumla ya biti zote bila kurudia. Molekuli yenye biti 40 na yenye biti 44, zikishirikiana 30, zinatoa 30 ÷ 54, yaani 0.56. Basi. Kila kinacholeta utata kimeshatokea kabla ya mgawanyo huo: molekuli iliandikwaje, alama-vidole zake zilitengenezwaje, na vipimo vya maabara vilikusanywa wapi. Ndiyo maana, dalili iwe ipi, mimi huanza kwenye maandishi ya molekuli. Nimewahi kupoteza siku tatu nikirekebisha modeli ya utabiri wakati tatizo lilikuwa nukta moja ndani ya SMILES, yaani molekuli iliyoandikwa kwa mstari mmoja wa herufi.

Kampaundi ni ileile, lakini ufanano haufiki 1.00

Tafuta hiyo nukta kwanza. Kwenye SMILES, nukta hutenganisha vipande visivyounganishwa na kifungo cha kemikali, na karibu kila mara kipande cha pili ni chumvi. Kloridi peke yake huongeza biti moja, kwa hiyo madhara yake ni madogo. Besilati siyo ndogo: inaingia na pete nzima ya benzini na kundi la sulfonati, na alama-vidole huzihesabu kana kwamba ni mwili wa dawa. Amlodipini besilati na amlodipini tupu zitaonekana ndugu wa mbali kidogo. Lililo baya zaidi ni kwamba dawa mbili zisizohusiana, zote zikiwa besilati, zitaonekana na undugu ambao hazina.

Tiba ya kawaida ni kubakiza kipande kikubwa na kutupa kidogo. Inafaa mara nyingi, lakini usiiachie programu bila kuangalia. Chukua piranteli pamoati, dawa ya minyoo. Piranteli yenyewe ina uzito wa molekuli wa karibu 206. Asidi ya pamoiki ina karibu 388. Ukiamuru "bakiza kikubwa", unatupa dawa na kubaki na chumvi, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea. Tumia orodha ya chumvi zinazojulikana kwanza, na kanuni ya ukubwa iwe ya mwisho.

Kama hakuna nukta, angalia tautoma. Andika `Oc1ccccn1` na `O=c1cccc[nH]1`. Hiyo ni dutu moja: hidrojeni imehama kutoka kwenye oksijeni kwenda kwenye nitrojeni, na ndani ya maji umbo la pili ndilo linalotawala. Kwa alama-vidole za aina ya ECFP, zinazoandika kila atomu pamoja na majirani zake, hata hivyo, oksijeni yenye hidrojeni si sawa na isiyo nayo, na nitrojeni vivyo hivyo. Kwenye molekuli ndogo kama hii, atomu hizo mbili zinaharibu karibu kila mazingira yanayozigusa, na ufanano unashuka vibaya. Pitisha kampaundi zote kwenye kisanifishaji kimoja cha tautoma. Kwa ulinganishaji wa alama-vidole haijalishi sana kama umbo kinalolichagua ndilo lililopo mwilini. Linalojali ni kwamba kila molekuli imepitia mlango uleule. Kwa dokingi, yaani kupachika molekuli kwenye mfuko wa protini kwa kompyuta, kanuni hii haifai, maana huko hidrojeni ikikaa pasipo pake, kifungo cha hidrojeni na protini kinapotea au kinazuliwa.

Kisha chaji: asidi ya kaboksili iliyoandikwa na hidrojeni yake upande mmoja na bila hiyo upande mwingine, au kundi la nitro lililoandikwa kwa mitindo miwili. Hayo yanatatuliwa na kisanifishaji hichohicho.

Njia ya haraka ya kupima kama umefika ni InChIKey, msimbo mfupi unaotokana na muundo wa molekuli. Ina alama 27 ukihesabu na vistari, na 14 za kwanza zinatokana na mifupa ya molekuli, yaani nani kaungana na nani. Zikilingana zote 27, una kitu kimoja. Zikilingana 14 tu, mifupa ni ileile na tofauti iko kwenye stereokemia (mpangilio wa atomu angani), isotopu au protoni. InChI sanifu, ambayo InChIKey ni ufupisho wake, huunganisha tautoma nyingi za hidrojeni inayohama kati ya nitrojeni na oksijeni, lakini haiunganishi keto na enoli, kwa hiyo usiifanye hakimu wa mwisho. Na usilinganishe kamwe SMILES sanifu kutoka programu moja na SMILES sanifu kutoka programu nyingine. Kila programu ina usanifu wake.

Programu inatoa 1.00, lakini ni vitu viwili

Kwinini na kwinidini zina fomula moja, C20H24N2O2, na InChIKey zao zinaanza kwa herufi zilezile: LOUPRKONTZGTKE. Tofauti yao iko kwenye mpangilio wa vituo viwili vya kaboni tu, namba 8 na 9. Ya kwanza imetumika kwa muda mrefu dhidi ya malaria; ya pili ilijulikana zaidi kwa kurekebisha mapigo ya moyo. Alama-vidole za Morgan (ni za aina ya ECFP) kwenye programu ya RDKit, zikiachwa kama zilivyo, hazitazami stereokemia. Kwa hiyo zinasema 1.00, na zinasema kweli kuhusu swali uliloziuliza. Washa chaguo la stereokemia kama data yako inaitunza. Kama nusu ya rekodi zako zina alama za vituo na nusu hazina, kuiwasha kutaleta fujo mpya: molekuli isiyo na alama haitafanana na pacha wake mwenye alama. Hapo ni heri uizime, uweke namba moja ya utambulisho kwa kila mifupa, kisha utenganishe enantioma na diastereoma (maumbo yanayotofautiana kwa mpangilio wa vituo tu) kwa mkono pale zinapohusika.

Sababu ya pili watu huisahau. Alama-vidole za biti husema kama kipande kipo. Hazisemi kipo mara ngapi. Asidi ya palmitiki ina kaboni 16, asidi ya steariki 18. Kwa ECFP4, kaboni za katikati ya mnyororo zote zinaona mazingira yaleyale, kwa hiyo kaboni mbili za ziada haziwashi biti yoyote mpya, na jibu ni 1.00. Hali hiyohiyo utaikuta kwa minyororo ya polietilini glikoli, na kwa sehemu kwenye peptidi zenye asidi amino zinazojirudia. Tiba ni kutumia alama-vidole za kuhesabu badala ya za biti.

Ya tatu ni biti kugongana. Vipande viwili tofauti vikikunjwa kwenye urefu wa 1024 vinaweza kuangukia nafasi moja. Rudia hesabu kwa 2048 au 4096. Namba ikibadilika waziwazi, umempata mhalifu.

Macho yanaona pacha, programu inaona wageni

Sildenafili na vardenafili zote huzuia kimeng'enya PDE5. Ziweke moja juu ya nyingine: pete ya fenili yenye kundi la ethoksi ni ileile, sulfonamidi ileile, piperazini ileile isipokuwa vardenafili ina ethili mahali pa methili. Katikati kuna pete mbili zilizoungana, zenye nitrojeni nne kwa kila dawa. Tofauti ni kwamba nitrojeni hizo zimepangwa kwa namna nyingine. Mkemia ataziita ndugu bila kusita, na atakuwa sahihi.

ECFP4 inafanya kazi kwa kusimama kwenye kila atomu na kutazama hadi vifungo viwili kuizunguka. Ukibadili atomu moja, unabadili utambulisho wa kila mazingira yanayoifikia. Atomu ya pembeni, kama methili kwenye ncha ya piperazini, inafikiwa na majirani wachache. Atomu ya katikati ya pete zilizoungana inafikiwa na wengi, na hapa nitrojeni na kaboni zimebadilishana nafasi, yaani atomu mbili kwa mpigo. Kwa hiyo ECFP4 inaadhibu mabadiliko ya kitovu kuliko ya pembeni, hata kama kwa protini mambo ni kinyume chake.

Hapa usitafute mpangilio mwingine wa namba moja. Ongeza jicho la pili. Tafuta kiunzi kikubwa cha pamoja kati ya molekuli mbili, ukiruhusu kaboni na nitrojeni kulingana ndani ya pete, na ukiamuru pete ilingane na pete tu, vinginevyo programu itakuletea nusu-pete isiyo na maana. Weka kikomo cha muda, kwa sababu utafutaji huu ukikutana na molekuli kubwa unaweza kukwama muda mrefu. Alama-vidole za jozi za atomu nazo husaidia, maana zinatazama umbali kati ya atomu mbili badala ya ujirani wa karibu.

Kama moja ya molekuli ni kipande kidogo kilichomo ndani ya kubwa, Tanimoto itakuangusha kwa hesabu tu. Kipande chenye biti 18, hata zikiwemo zote ndani ya molekuli yenye biti 60, hakiwezi kuzidi 0.30. Tumia kipimo cha Tversky, ambacho hukuruhusu kuuliza "kidogo kimo ndani ya kikubwa kwa kiasi gani?"

Kizingiti cha 0.85 hakifanyi kazi

Kwa sababu umekiazima. Namba hiyo ilizoeleka kwa alama-vidole za mfumo wa Daylight, zinazofuata njia za vifungo kutoka atomu hadi atomu, na watu wakaibeba kwenda kila mahali. Alama-vidole za MACCS zina funguo 166 tu, nyingi zikiwa za vitu vya kawaida, kwa hiyo hata kampaundi zisizohusiana hupata namba za juu. ECFP4 ni bahili: kwa kipimo hicho 0.5 inaweza kuwa undugu wa dhati. Chukua jozi elfu chache za nasibu kutoka mkusanyiko wako mwenyewe, chora mgawanyo wa namba zao, na uone jozi zisizohusiana zinaishia wapi. Kizingiti chako kinaanzia hapo.

Na hata 0.85 ya asili haikuwa ahadi. Mwaka 2002 Yvonne Martin na wenzake walionyesha kwamba kampaundi iliyofikia 0.85 dhidi ya kampaundi yenye utendaji ilikuwa na nafasi ya takriban 30% tu ya kuwa na utendaji nayo. Ni nafasi kubwa kuliko kubahatisha, lakini iko mbali na uhakika.

Ufanano ni mkubwa, nguvu zinatofautiana mara mia

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, kwa sababu wakati mwingine nyuma yake kuna kemia ya kweli. Umetembea tambarare, hatua moja zaidi na uko ukingoni mwa genge. Lakini kabla ya kutangaza genge, chunguza vipimo, maana magenge mengi kwenye hifadhidata za umma yamejengwa na makarani.

Badili kila kitu kuwa pIC50 kwanza: IC50 ni mkusanyiko wa dawa unaozuia nusu ya utendaji, na pIC50 ni logi yake hasi, kwa molari. Tofauti ikiwa 3.00 kamili, au karibu sana na hapo, mtu aliandika maikromolari mahali pa nanomolari. Rudi kwenye chapisho la awali usome jedwali kwa macho yako. Kama kundi zima la kampaundi dhaifu limekwama kwenye 5.00, hicho si kipimo: ni alama ya "zaidi ya" iliyodondoka. Jaribio liliishia mkusanyiko wa 10 µM, matokeo yakaandikwa >10000 nM, na programu ikasoma namba ikaacha ishara. Kampaundi hiyo huenda ni 4.8, huenda haina nguvu yoyote. Usiipige wastani na nyingine.

Kisha uliza jaribio lilifanywaje. IC50 hubadilika na kiasi cha sabstrati, yaani dutu ambayo kimeng'enya huibadili, kilichokuwamo. Kwa kizuizi kinachoshindana na sabstrati, mlinganyo wa Cheng na Prusoff wa mwaka 1973 unasema Ki, yaani nguvu ya kushika isiyotegemea sabstrati, ni IC50 iliyogawanywa kwa 1 + [S]/Km, ambapo [S] ni mkusanyiko wa sabstrati na Km ni ule unaokipa kimeng'enya nusu ya kasi yake ya juu. Maabara moja ikitumia sabstrati sawa na Km, IC50 ni mara mbili ya Ki. Nyingine ikitumia mara tisa ya Km, IC50 ni mara kumi. Kampaundi moja, kimeng'enya kimoja, tofauti mara tano, na hakuna aliyekosea. Kwa vimeng'enya vya kinesi, ambako ATP ndiyo inayogombea nafasi, jambo hili linaharibu milinganisho mingi.

Hata baada ya kusafisha yote hayo, vipimo vya maabara mbalimbali havikubaliani kikamilifu. Uchambuzi wa Christian Kramer na wenzake wa mwaka 2012, uliotumia data za Ki kwenye hifadhidata ya ChEMBL, ulikadiria mkengeuko wa takriban vizio 0.54 vya logi. Ukitoa kipimo kimoja kwenye kingine, kuyumba kunakuwa karibu 0.76. Kwa hiyo tofauti ya mara tatu kati ya maabara mbili haikuambii lolote kuhusu methili yako. Tofauti ya mara mia, ndani ya jedwali moja la chapisho moja, inakuambia.

Ikibaki imesimama, sasa iamini na uichimbe. Feksofenadini ni terfenadini ambayo methili moja imegeuzwa kuwa asidi ya kaboksili. Sehemu nyingine zote zimebaki vilevile. Terfenadini hufunga kwa nguvu mfereji wa potasiamu wa hERG kwenye moyo. Kwa kawaida ini, kupitia kimeng'enya CYP3A4, liliibadili kuwa feksofenadini kabla ya kuleta madhara, lakini mgonjwa aliyetumia pia ketokonazoli, ambayo huzuia kimeng'enya hicho, alibaki na terfenadini ikijikusanya mwilini na mapigo ya moyo yakivurugika. Iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1998, na feksofenadini ikachukua nafasi yake. Michoro ni pacha. Chaji kwenye pH ya damu ndiyo iliyotenganisha. Kwa hiyo kwa kila genge la kweli, kitu cha kwanza ninachohesabu ni hali ya protoni kwenye pH 7.4 kwa molekuli zote mbili. Alama-vidole za kawaida haziioni.

Mofini inafundisha sababu nyingine mbili. Ongeza methili kwenye oksijeni ya fenoli, unapata kodeini, ambayo hushika kipokezi cha mu cha opioidi kwa udhaifu mkubwa na hutegemea kimeng'enya CYP2D6 kuirudisha kuwa mofini: umefunga hidrojeni iliyokuwa ikishikana na protini. Badili methili ya nitrojeni iwe alili, unapata nalorfini, ambayo inapingana na mofini kwenye kipokezi hicho. Hapa kushika kupo, mwelekeo wa ishara ndio uliogeuka, na jedwali linaloonyesha mshikamano peke yake litakuambia hakuna kilichotokea. Angalia safu ya aina ya jaribio kila mara.

Kampaundi zote zinatoa nguvu ileile

Kama zote ni kali na zimejipanga kwenye namba moja, uliza kimeng'enya kilikuwa kiasi gani. IC50 haiwezi kushuka chini ya nusu ya mkusanyiko wa kimeng'enya: ukiweka nanomolari 20, sakafu yako ni 10, na kampaundi ya 0.1 itasomeka karibu sawa na ya 1. Kama zote ni za maikromolari na zinafanya kazi dhidi ya kila protini unayojaribu, shuku molekuli zinazojikusanya majini kuwa mafungu na kunasa protini ovyo. Omba jaribio lirudiwe na sabuni ya Triton X-100 ya 0.01%. Nguvu ikipotea, mfululizo mzima haukuwa na uhusiano wa muundo na utendaji wa kuchambua.

Dokingi haiwezi kupanga ndugu kwa nguvu zao

Usitegemee iweze. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, tofauti ya nguvu mara kumi ni 1.36 kcal/mol tu, na alama za dokingi zina makosa makubwa kuliko hapo. Itumie kuona pozi, yaani jinsi molekuli inavyokaa mfukoni mwa protini. Kama ndugu wawili wamepachikwa kwa pande zinazopingana, lazimisha kiunzi cha pamoja kikae mahali pamoja, kisha ulinganishe tena.

Hesabu za nishati huru za kubadili molekuli moja kuwa nyingine zinafaa zaidi kwa kazi hii, na zina kipimo chao cha ndani: ukitoka A kwenda B, B kwenda C, na C kurudi A, jumla lazima iwe sifuri. Ikiwa 1.5 kcal/mol, mkono mmoja wa pembetatu haujatulia. Tafuta mkono unaobadili chaji, unaofungua pete, au ambako maji yaliyonaswa mfukoni yalipaswa kutoka na hayakupata muda. Huo ndio wa kurefusha au kugawanya kwa kupitia molekuli ya kati.

Modeli inang'ara kwenye majaribio, inaanguka kwenye kampaundi mpya

Kwa kila kampaundi ya seti ya majaribio, tafuta jirani yake wa karibu kabisa kwenye seti ya mafunzo na uandike ufanano wao. Kama wengi wana jirani mwenye 0.8 ya ECFP4, modeli imekariri familia, na mgawanyo wa nasibu ndio uliogawa ndugu huku na huku. Gawanya upya kwa viunzi au kwa tarehe ya kutengenezwa. Kisha chora kosa la modeli dhidi ya ufanano na jirani: mahali kosa linapoanza kupanda ndipo mpaka wa eneo ambalo modeli hiyo inaweza kutumika, na kampaundi yoyote iliyo nje yake ipelekwe maabara bila utabiri.